Tiba au Tathmini? Uhakiki wa Matumizi ya Neno "Tibamtandao"

Neno "tibamtandao" limekwisha zoeleka katika lugha ya Wizara ya Afya, wala hatukusudii kulibomoa. Mama aliyelazwa Mpanda, picha yake ya eksirei ikasomwa na bingwa aliyeko mji mwingine, hakika anatibiwa. Tatizo huanza pale neno hilo linapobandikwa juu ya shughuli isiyo tiba hata kidogo, yaani kumpima aliyeumia kazini ili ijulikane anastahili fidia kiasi gani.

Tuchukue mfano wa kibarua wa machimbo ya dhahabu mkoani Katavi aliyevunjika mkono. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 500 kwa kupitia Sumbawanga. Ni dhahiri kwamba kumpima kwa video kunavutia. Lakini akiambiwa aketi mbele ya kioo kwa ajili ya "tibamtandao", ataeleza yote kama mgonjwa amwelezavyo mganga wake, pamoja na ulevi na ajali ya baiskeli ya mwaka juzi. Daktari aliye upande wa pili hatamwandikia dawa. Ataandika ripoti ya kusomwa na mlipaji wa fidia, na pengine na mahakama. Ridhaa iliyotolewa kwa kutaka tiba si ridhaa ya ripoti hiyo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Ama kuhusu "uchunguzi huru", neno "huru" nalo lina mtego. Mdai wa kawaida aweza kudhani yu huru kukataa, hali akikataa hulihatarisha dai lake. Kinachokusudiwa ni daktari asiyekuwa akimtibu, na maneno hayo yaandikwe hivyo hivyo, hata kama ni marefu. "Uchunguzi kwa mbali" haufai kabisa: katika Kiswahili, kumjua mtu kwa mbali ni kutomjua vizuri. (Huenda lugha hapa imekuwa na busara kuliko watunga fomu.)

Lakini kosa kubwa zaidi halimo katika nomino, bali katika kitenzi. Ripoti huandikwa: "Kiungo kimepimwa." Kimepimwa na nani? Bingwa aliona mkono katika kioo. Hakuushika, hakujua ubaridi wake wala nguvu ya mshiko. Aliyeushika ni tabibu wa Mpanda, ambaye huenda jina lake halimo kabisa. Kauli ya kutendwa imemficha. Wakili wa mwajiri, au wa mfanyakazi, akitaka kumhoji shahidi juu ya kipimo hicho, ataitwa yupi? Bingwa atasema aliambiwa. Tabibu atasema hakutia saini. Mfasiri aliyefurahia ufupi wa "kimepimwa" atakuwa amemharibia mtu haki yake bila kujua. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ni vigumu kujitetea kwamba maana halisi imo katika nakala ya Kiingereza.

Twapendekeza basi "tathmini ya kitabibu kwa mtandao", na anayepimwa aitwe "mdai", si "mgonjwa". Tena ripoti itenge mambo matatu: lile ambalo mdai alilieleza, lile ambalo bingwa aliliona kwa video, na lile ambalo tabibu alilipima kwa mikono yake, kila moja kwa kauli ya kutenda na jina la mtendaji. Pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuushika mkono, neno "kupima" lisitumike.