Mgonjwa wa Dakika 5: OET Inapima Nini Hasa?

Kama wewe ni nesi au daktari unayetaka kufanya kazi Uingereza au Australia, bila shaka umesikia habari za OET, mtihani wa Kiingereza cha watu wa afya. Sehemu ya kuzungumza huchukua kama dakika 20. Unapewa kadi, unajiandaa dakika 3, kisha unaongea dakika 5 hivi na mtu anayeigiza mgonjwa au ndugu yake. Mara mbili. Mwigizaji hatoi alama. Watahini husikiliza rekodi baadaye.

Nianze na sifa. Tangu 2018, mbali na vigezo vinne vya lugha, kuna vitano vya mawasiliano: kujenga uhusiano, kuelewa mtazamo wa mgonjwa, kupanga mazungumzo, kukusanya taarifa na kutoa taarifa. Ni sawa kabisa. Mtu anaweza kuwa na sarufi safi na bado asimsikilize mgonjwa.

Shida ni jinsi tunavyojiandaa. Wengi wanakariri maneno ya huruma na kuyamwaga kila baada ya sentensi mbili. Sasa fikiria mgonjwa ameacha dawa za presha. Ukimpa pole ya kukariri, halafu ukamhubiria kuhusu kiharusi, umeshampoteza. Ungemuuliza "kwa nini?", angekwambia dawa zinamkojoza mara kwa mara na yeye ni dereva wa basi. Hapo mazungumzo yanageuka: anaingia zamu saa ngapi, na je, daktari anaweza kumbadilishia muda wa kumeza?

Jambo kama hilo huwa kwenye kadi ya mwigizaji, ambayo wewe huioni. Lakini kwenye mazoezi, wote wawili mmeshasoma kadi zote mbili! Mnagundua nini hapo? Mwenzako afiche jambo moja, asilitaje mpaka aulizwe vizuri. Jirekodini kwa simu, kisha uhesabu mara ulizomkatiza.

Mtihani wenyewe nao una mipaka. Chumba kimetulia, mwigizaji hana maumivu. Wodini kuna kelele, na mgonjwa anaongea kwa lafudhi ya kwao huku akigugumia. Kufaulu ni mwanzo tu.

Na kuna swali linalonisumbua zaidi: vile vigezo vitano havihitaji Kiingereza. Dereva wa daladala aliyeacha dawa zake anavihitaji vilevile, kwa Kiswahili. Kwa nini basi tuvifanyie mazoezi siku tunapotaka kuondoka tu?