Madaraka ya Miji na Elimu ya Jamii

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulidai wananchi washirikishwe katika kupanga maendeleo yao. Mwaka uliofuata yakaja Madaraka Mikoani, na muundo wake ulitayarishwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Marekani inayouza maarifa ya uendeshaji. Hapa pana ukinzani ambao kada hana budi kuuchambua.

Chombo cha washauri wa namna hiyo ni jedwali la vyeo na mafungu ya fedha. Humo mpangaji wa chumba kimoja haonekani, wala choo kinachofurika masika. Halmashauri za miji zikavunjwa. Madaraka yakashuka kutoka wizarani yakaishia mezani kwa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa. Huduma za miji zikazorota, na 1977 kipindupindu kikalipuka nchini. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kuzirudisha halmashauri hizo.

Si kwamba elimu ya jamii haikuwapo. Uchunguzi wa Leslie juu ya wakazi wa Dar es Salaam ulichapishwa 1963 (kazi ya ofisa wa mkoloni, lakini ilibisha hodi vyumbani). Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu walikwenda Malya, wanakijiji wakayaigiza matatizo yao wenyewe na kuyajadili. Njia hiyo ingefaa mtaani pia.

Manispaa 3 za mwaka 2000 zilikuwa 5 ilipofika 2016. Mkazi wa Manzese alilala Kinondoni, akaamka Ubungo, chumba ni kilekile.