Chai ya Kupima kwa Jicho, Pua na Ulimi: Mwongozo kwa Mnywaji wa Karungu

Pakiti za chai ya kijani zimefika hadi rafu za maduka ya Sori, hapa kwetu Karungu, ufuoni mwa ziwa. Zimepangwa kando ya majani ya kawaida tuliyoyazoea, na bei yake ni ya juu kuliko ya majani hayo. Anayezinunua mara nyingi amefuata ushauri wa jirani: ana presha, au kisukari, au anataka kupunguza mwili. Amesikia kwamba chai hiyo husafisha mishipa. Jambo ambalo hakuambiwa ni kwamba kile kinachotafutwa ndani ya chai hukaa katika jani jipya lililotengenezwa vizuri na kutunzwa vizuri. Jani lililochakaa halina cha kumpa, hata pakiti ipambwe vipi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana nasema anayetaka faida ya chai ajifunze kwanza kuipima.

Chai ya kijani, nyeusi, nyeupe na ya zambarau zote ni za mmea mmoja, Camellia sinensis. Kinachozitenga ni kazi ya kiwandani, isipokuwa ya zambarau, ambayo ni aina yake ya mmea huo. Majani mabichi yakinyaushwa, yakasagwa, kisha yakaachwa yapigwe na hewa, hugeuka rangi ya shaba, na yakikaushwa huwa chai nyeusi. Yakipigwa mvuke au kukaangwa mapema, mageuzi hayo huzimwa na jani hubaki kijani. Katika chai ya kijani, katekini, yaani zile kemikali zinazotafutwa kwa ajili ya afya, hubaki zilivyo. Katika chai nyeusi sehemu yake kubwa hugeuka kuwa thiaflavini na thearubijini, na hizo ndizo zinazoipa wekundu na ukali. Kwa hiyo chai nyeusi si maji ya rangi tu, kama baadhi ya wauzaji wa chai ya kijani wanavyotaka tuamini.

Kenya huzalisha zaidi ya tani 500,000 za chai kwa mwaka, karibu yote nyeusi. Mti wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakafuata katika miaka ya 1920. Sisi wa ufuoni hatulimi chai, joto letu haliifai, lakini hatuko mbali nayo. Vilima vya Gusii vimejaa wakulima wadogo na viwanda vyao: Nyamache, Ogembo, Kebirigo, Sanganyi. Majani yanayochumwa huko yanaweza kufika Karungu yakiwa bado na nguvu zake zote, na hiyo ni bahati ambayo wanywaji wengi duniani hawana.

Kuhusu afya, nitasema yale yaliyopimwa. Huko Miyagi, Japani, watu wazima 40,530 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: waliokunywa vikombe vitano au zaidi vya chai ya kijani kwa siku walikufa kwa nadra zaidi kutokana na magonjwa ya moyo na mishipa, hasa wanawake. Kwa saratani, tofauti haikuonekana. Mwaka 2022 ukaja utafiti wa Uingereza juu ya watu karibu nusu milioni, wengi wao wanywaji wa chai nyeusi. Waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 9 hadi 13 wakilinganishwa na wasiokunywa chai. Tafiti za namna hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Hazithibitishi kwamba chai ndiyo iliyowaokoa watu hao. Majaribio ya kitabibu yameonyesha kwamba chai hushusha kidogo lehemu mbaya na shinikizo la damu. Ama kupunguza mwili, majaribio yaliyokusanywa pamoja mwaka 2012 yalionyesha kwamba uzito unaopungua kwa chai ya kijani ni mdogo mno kuwa na maana. Anayeuziwa pakiti kwa ahadi ya kupunguza tumbo anauziwa upepo.

Tuingie sasa kwenye kupima. Mimina majani makavu ya kijani juu ya karatasi nyeupe, mahali penye mwanga wa mchana. Chai njema ina kijani kilichoiva, wakati mwingine chenye kivuli cha kijivu, na majani yake yamesokotwa kwa namna moja. Ukiona rangi ya kahawia, vijiti vingi na vumbi, hayo ni majani yaliyochumwa yakiwa makubwa, au yaliyokaa sana. Mchumaji hodari huchukua majani mawili na chipukizi. Jani kuukuu la chini ya tawi lina nyuzi nyingi na katekini chache, na ndilo linalokusanya floraidi zaidi. Mifuko midogo ya kuchovya huficha yote haya, kwa hiyo kata mmoja uumwage nje kabla hujaamua kununua boksi zima safari ijayo.

Halafu nusa. Hapa ndipo palipo na siri kubwa, na pua haihitaji shule. Funga majani kiganjani, yapulizie pumzi ya moto, kisha unuse. Chai ya kijani iliyo hai hunukia ubichi, wa mboga iliyochemshwa punde au nyasi zilizokatwa asubuhi. Iliyochakaa hunukia majani makavu ya kutandikia kuku, au hainukii chochote. Harufu ya moshi katika chai nyeusi humaanisha moshi wa tanuri uliwahi kupenya hadi kwenye majani. Harufu ya uchachu humaanisha yaliachwa yapigwe na hewa kupita kiasi.

Karungu ina tatizo lake la harufu. Jani kavu la chai hunyonya kila harufu iliyo karibu nalo, na duka la ufuoni lina omena (dagaa), mafuta ya taa na sabuni ndani ya chumba kimoja. Nimeona majani ya daraja la juu kabisa yakiharibika kwa kukaa wiki chache kando ya gunia la omena. Hewa ya ziwa nayo ina unyevu na joto, na hao ni maadui wawili wa katekini. Majani yanayopimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililo wazi, hata yawe ya bei nafuu kiasi gani, usiyanunue ikiwa unatafuta afya. Chagua pakiti iliyozibwa, yenye karatasi ya kung'aa ndani, yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe ya kufungwa. Ukifika nyumbani yaweke kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko na dirisha.

Chai nyeusi ya Kenya hukatwa na kuviringishwa kwa mashine, na chembe zake ni ndogo. Zinapaswa kuwa za ukubwa mmoja, nzito mkononi na zenye mng'ao kidogo. Sugua chache kati ya vidole: ikiwa kavu vizuri huvunjika kwa mlio, ikiwa imepata unyevu hupondeka kimya. Ukishuku imetiwa rangi, nyunyiza chembe juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa kwa maji baridi. Chai halisi huacha alama hafifu polepole. Iliyopakwa rangi hutoa madoa mara moja.

Wapimaji wa viwandani wana kipimo chao cha kimataifa: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, bila kukoroga. Nyumbani kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kinatosha. Pima mkandaa mtupu kwanza, maana maziwa na sukari huficha makosa. Chai nyeusi njema ina wekundu unaong'aa, na ukali wake hupiga ulimi haraka kisha ukaondoka. Chai dhaifu ina wekundu uliofifia, na ukakasi wake hung'ang'ania ufizi. Ukishaionja, iache kikombeni ipoe kabisa. Chai yenye nguvu huingia ukungu, kwa sababu kafeini na thiaflavini hushikana maji yanapopoa. Wengi hudhani ukungu huo ni uchafu, wakamwaga kikombe kilichokuwa kikishuhudia ubora wake. Tia maziwa katika kikombe cha pili: rangi ikielekea dhahabu, umepata chai, ikielekea kijivu, umepata vumbi.

Ya kijani haipendi maji ya moto sana. Hapa kwetu, mita takriban 1,134 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Ipua sufuria, iache wazi kwa dakika tano au zaidi, ndipo umimine juu ya majani, na uyachuje baada ya dakika mbili au tatu. Ukiyachemsha jikoni utapata uchungu na ukakasi, kisha utalaumu chai. Kinywaji chenyewe kiwe cha manjano yenye kijani. Kikiwa cha kahawia tangu mwanzo, hapo jani lilikwisha kufa. Baadaye fungua majani yaliyotumika uyatazame: yawe laini na ya kijani kibichi.

Maji yana sehemu yake kubwa, na hatuzungumzi vya kutosha juu yake. Maji ya ziwa lazima yatuame na kuchujwa kwa kitambaa safi kabla ya kuchemshwa, la sivyo unaonja tope na mwani. Maji ya kisima yenye chumvi na chokaa huacha utando juu ya kikombe na kuzima rangi. Dawa ya klorini inayotukinga na kipindupindu huua harufu ya chai ya kijani. Na kwa kuwa maji yanayotokota kwa dakika moja hayahitaji klorini, ya chai yachote kabla hujatia dawa. Maji bora kuliko yote ni ya mvua, yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la bati. Anayeyahifadhi kwa ajili ya chai anajua anachofanya.

Chai iliyokaa chupani tangu alfajiri hadi jioni imepoteza ladha na sehemu ya nguvu zake, ingawa bado ni moto. Moto wenyewe una hatari yake: mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani walitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio, ugonjwa unaowasumbua sana watu wa magharibi ya Kenya. Subiri hadi midomo iridhike.

Lakini jambo ninalotaka kila nyumba ya Karungu ilijue ni saa ya kunywa. Tunapenda nyoyo (mahindi na maharagwe) na chai asubuhi, au rabuon (viazi vitamu) na chai, na baadhi yetu hushushia chai ugali wa osuga na dek, mboga zetu za kienyeji. Polifenoli zilezile tunazozisifu, katekini zikiwemo, hushika madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga, na kuyazuia yasiingie mwilini. Katika nchi ya malaria na selimundu, ambako watoto na wajawazito wengi wana upungufu wa damu, hilo si dogo. Chai, ya kijani na nyeusi sawia, inywewe baada ya muda wa saa moja au zaidi tangu kula. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki avimeze kwa maji, asivishushie chai kamwe. Na samaki wetu, mwenye chuma kinachofyonzwa kwa urahisi zaidi, akitiwa ndimu, atamsaidia kuliko pakiti yoyote.

Sukari nayo huangusha hesabu yote. Shirika la Afya Duniani hushauri, kwa faida zaidi, sukari ya kuongezwa ipungue hadi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu vimekwisha kupita hapo.

Chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, ina anthosiani pamoja na katekini. Kuitambua ni rahisi: kamulia ndimu kikombeni, na rangi itageukia wekundu wa waridi. Isipogeuka, dai pesa zako. Chai nyeupe ni machipukizi yenye manyoya ya fedha. Nzuri, laini, na ghali kuliko inavyostahili kwa mtu anayefuata afya tu. Mlonge na mchaichai si chai, ingawa tunaziita hivyo. Hazina katekini za chai wala kafeini, zina mambo yao. Mlonge uliokaushwa kivulini hubaki kijani, na huo ndio wa kununua. Vidonge vya chai ya kijani viache kabisa: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba vidonge vyenye miligramu 800 au zaidi za katekini kuu ya chai hiyo kwa siku vinahusishwa na dalili za kuumia kwa ini. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amwambie daktari wake kabla ya kuanza kunywa chai ya kijani kwa wingi.

Hukumu yangu ni hii. Kwa mkazi wa Karungu, chai nyeusi ya Gusii iliyofungwa karibuni, ikanywewa bila sukari nyingi na mbali na sahani ya chakula, ni bora kuliko chai ya kijani iliyozeeka rafuni. Ukipata ya kijani ya mwaka huu, nunua pakiti ndogo kabisa, uimalize ndani ya miezi miwili tangu uifungue, na dawa zako za presha endelea kuzimeza kama daktari alivyoagiza.