Mali na Daftari Lake

Kila ninaposoma habari za Thomas Russell wa Auckland nabaki na swali moja: utajiri ule uliundwa na nani?

Hadithi yake husimuliwa kwa wepesi. Alizaliwa Cork, Ireland, mwaka 1830. Akiwa mtoto mdogo wazazi wake walihamia Sydney, na mwaka 1840 wakaingia New Zealand. Alipofika miaka 21 alikuwa wakili. Mwaka 1859 alishiriki kuanzisha kampuni ya bima, mwaka 1861 Benki ya New Zealand, na mwaka huohuo akaingia bungeni. Mwanahistoria R. C. J. Stone alikipa kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu matajiri hao wa Auckland jina la Makers of Fortune, yaani waundaji wa utajiri. Mgala muue na haki umpe: Stone hakuwapamba, kwani alisimulia pia kuanguka kwao. Hata hivyo, neno hilo "waundaji" siwezi kulimeza.

Tuutazame mwaka 1863. Russell alikuwa waziri wa ulinzi wa koloni. Mwezi Julai majeshi ya Uingereza yaliivamia Waikato, nchi ya Wamaori waliokuwa na mfalme wao. Mwezi Oktoba mshirika wake katika ofisi ya uwakili, Frederick Whitaker, akawa waziri mkuu. Mwezi Desemba ikapitishwa sheria ya kutwaa ardhi za wale walioitwa waasi. Serikali ikapanga kukopa pauni milioni 3 kwa ajili ya vita na walowezi, na benki yake ilikuwa ileile ya Russell. Ekari zipatazo milioni 1.2 za Waikato zikatwaliwa. Katika miaka ya 1870 Russell na wenzake wakanunua kutoka kwa serikali zaidi ya ekari 80,000 za kinamasi cha Piako.

Kasoro ninayoiona katika tasifu za watu wa namna hii ni mpangilio wa sura. Biashara huwekwa huku, siasa kule, na vita mahali pengine, kana kwamba ni watu watatu. Lakini aliyetia saini alikuwa mmoja. Ukiziunganisha sura hizo, sifa za juhudi na akili zinabaki, ila hazitoshi tena kueleza mali ilitoka wapi.

Wapo watakaosema tusiwahukumu wa kale kwa mizani yetu. Sawa. Lakini ununuzi wa Piako ulilalamikiwa wakati uleule, na walowezi wenzake. Tena mzaliwa wa Cork alitoka katika nchi ambayo Wakatoliki wake walinyang'anywa ardhi katika karne ya 17. Somo lilikuwepo nyumbani.

Mwaka 1995 sheria ya New Zealand ilibeba radhi ya Taji kwa watu wa Waikato na kukiri kwamba utwaaji ule haukuwa wa haki. Kwa hiyo mwandishi wa leo hana udhuru. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Russell ilikuwa na daftari, na upande mmoja wake umesomwa mara nyingi. Anayetaka kuandika upya maisha yake aanze na upande wa pili, wenye majina ya waliolipa.