Kiungo Kinachojua Kuachia

Roketi ndogo inayoundwa na wanafunzi au wapenzi wa fani hii haifai kupimwa kwa kimo inachofikia peke yake, kwa kuwa kupanda ni kazi ya injini, na injini ya baruti kavu ikishawaka haishauriki tena. Ustadi wa fundi hudhihirika kileleni, mwendo unapokwisha na pua kuanza kuinama, ambapo viungo vilivyostahimili mtikisiko wote wa kupaa hutakiwa viachie katika muda mfupi mno ili mwavuli utoke. Mfumo unaotenda kazi hiyo huitwa mfumo wa utenganisho, na iwapo hutegemea gesi ya baruti kidogo iliyofungiwa ndani, basi ni utenganisho wa kibaruti. Ukikataa kufanya kazi, roketi hurudi pua mbele kwa kasi inayoweza kuua; ukifanya kazi kabla ya wakati, huivunja roketi hewani au, vibaya zaidi, huwajeruhi walio karibu nayo mezani.

Muundo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mwili hugawanywa vipande vinavyoingiana na kushikwa kwa pini nyembamba za nailoni, ambazo kazi yake ni kukatika zikisukumwa kupita kiasi kilichokusudiwa. Kompyuta iliyomo ndani husoma kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa husukuma nayo kila kizio cha eneo, na kwa kuwa kanieneo hiyo hupungua roketi inapopanda na kuanza kuongezeka inaposhuka, kompyuta hutambua kilele na kupeleka mkondo wa umeme kwenye kiwashio, baruti ikawaka, gesi ikajaa chumbani na pini zikakatika. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 huwa na kizibo chenye eneo la takribani sentimita za mraba 78, na kanieneo ya ndani ikiizidi ya nje kwa kiasi cha angahewa moja, kizibo hicho husukumwa kwa nguvu inayokaribia nyutoni 800, sawasawa na uzito wa mtu mzima wa kilo 80. Aliyeielewa hesabu hii hashawishiki kuongeza baruti eti kwa ajili ya uhakika, maana ziada hupasua bomba, huunguza mwavuli na kukata kamba inayounganisha vipande. Kwa maoni ya wengi fani hii ni ya watu wapendao mlipuko, ilhali fundi wake bora ni yule anayetafuta nguvu ndogo kuliko zote inayotosha, kisha akaithibitisha.

Kuithibitisha ndiko kunakoupa ufundi huu nafasi katika mahali kama Mlolongo, mji wa Kaunti ya Machakos uliokua kandokando ya barabara ya Mombasa, penye mizani ya malori. Hapo hapawezi kurushwa roketi, kwa kuwa uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta uko kilomita chache tu, anga ya Kenya iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na baruti yenyewe inatawaliwa na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115; hivyo anayedhani anaweza kuichanganya chumbani mwake amekwisha kukosea kabla hajaanza. Lakini sehemu kubwa ya mfumo wa utenganisho haihitaji baruti wala anga. Mashine ya kukereza hutengeneza vizibo, na kompresa ile ile ijazayo magurudumu ya malori, ikiwekewa kipimo na vali ya kupunguza upepo, huweza kuonyesha ni kanieneo ipi hasa inayozikata pini na kama vipande vinaachana bila kukwama. Testa hupima ukinzani wa kila kiwashio, kwa mkondo mdogo usioweza kukiwasha.

Jaribio la baruti huja mwisho, likiwa na idhini na chini ya macho ya mtu aliyefunzwa, katika eneo lililo wazi. Nyaya za kiwashio husokotwa pamoja ncha kwa ncha ili umeme wa tuli usipate njia, betri haiunganishwi mpaka watu wote wawe wamesogea, roketi hulazwa na kufungwa imara pasiwe na mtu mbele wala nyuma yake, na swichi hubanwa kutoka mbali. Kiwashio kisipowaka, hakuna anayekimbilia kutazama: umeme hukatwa, watu wakasubiri. Siku ya kurusha, mfumo huo huo hubaki umezimwa mpaka roketi iwe imesimama kwenye reli yake. Taratibu hizi huchosha, na pengine kuchosha huko ndiko kunakowachuja wasiofaa.

Kenya si ngeni katika mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru, roketi ya Scout yenye hatua nne iliruka kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi ikiwa na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, na katika chuo kikuu cha JKUAT, Juja, wanafunzi wa mradi wa Nakuja wamekuwa wakiunda roketi za mfululizo wa N. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha takribani mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, kaunti jirani ya Machakos, na Shirika la Anga la Kenya likaeleza, kwa uchunguzi wa awali, kuwa ni pete ya utenganisho ya chombo cha kurushia. Pete za namna hiyo hutarajiwa kuungua angani au kuangukia baharini.

Katika jambo hili roketi ndogo ina sheria kali kuliko kubwa: vipande vyake huachana, lakini havitupwi. Pua na mwili hubaki vimefungwa kwa kamba moja, ambayo kwa kawaida huwa ndefu mara kadhaa kuliko roketi ili mshtuko upunguzwe na urefu wake, na kamba hiyo hukaguliwa uzi kwa uzi baada ya kila jaribio. Iliyoonyesha alama ya moto hubadilishwa, hata kama bado inashika.