Jinsi Tidy Ilivyong'olewa Wikipedia

Kwa miaka mingi kurasa za Wikipedia zilipitia programu iitwayo Tidy kabla ya kumfikia msomaji. Tidy iliandikwa na Dave Raggett wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, miaka ya 1990, na kazi yake ilikuwa kunyoosha HTML, yaani alama zinazopanga sura ya ukurasa wa wavuti, iliyoandikwa kombokombo. Mhariri akifungua herufi nzito, kisha akasahau mkwaju wa kufungia na kuzifungua tena, Tidy ilikisia kwamba alikusudia kufunga, ikamfungia. Ukurasa ulitoka safi. Aliyekosea hakuambiwa kitu, akaendelea kukosea vilevile, na deni likakua kimyakimya.

Deni lilianza kudaiwa ilipokuja HTML5, ambayo W3C iliipitisha rasmi Oktoba 2014. Kanuni zake zinaeleza hatua kwa hatua namna ya kusoma hata alama zilizovurugika, ili vivinjari vyote vifikie jibu moja. Jibu hilo mara nyingi si lile la Tidy. Chukua alama ya small, ya kupunguza maandishi, ambayo wahariri wengi huitia kwenye sahihi zao katika kurasa za majadiliano. Ikiachwa wazi, Tidy iliizuia isivuke aya. Kwa HTML5 inavuka, inamfuata mchangiaji wa pili, na huyo naye akiwa na sahihi yenye kasoro hiyohiyo, maandishi yanazidi kudidimia. Waandishi wa kanuni waliweka ukomo: alama ileile haibebwi mbele zaidi ya mara tatu. Kipengele hicho wamekiita Safina ya Nuhu, ingawa Nuhu tunayemjua alipakia wawili wawili.

Mrithi wa Tidy alikuwa RemexHtml, iliyoandikwa na Tim Starling. Kuiondoa Tidy kwa siku moja kungeharibu sura ya kurasa nyingi mno, kwa hiyo kwanza makosa yalihesabiwa. Parsoid, programu iliyokuwa tayari inasoma kurasa kwa ajili ya kihariri kisichohitaji misimbo, ilipewa kazi ya kuripoti kila kasoro, na kiendelezi cha Linter kikazipanga kwa uzito. Alama za kizamani kama font na center, ambazo vivinjari bado vinazielewa, ziliwekwa chini. Juu zikakaa zile ambazo zingebadilisha sura ya ukurasa siku Tidy ikiondoka. Mhariri akibofya kasoro, dirisha la kuhariri hufunguka mahali penyewe. Kiendelezi kingine kilimwonyesha ukurasa uleule mara mbili, ubavu kwa ubavu: ulivyo sasa na utakavyokuwa.

Kwa maoni yangu, uamuzi bora kuliko yote ulikuwa kutoikabidhi mashine ukarabati wote. Mashine inaona kwamba alama haikufungwa. Haijui mwandishi alitaka iishie wapi. Wahariri wazoefu walianzia kwenye vigezo, yaani vipande vya msimbo vinavyotumiwa na kurasa nyingi kwa pamoja, maana kigezo kimoja kikirekebishwa, kurasa zote zinazokitumia hupona pamoja.

Manung'uniko hayakukosekana. Ya nini kugusa majadiliano yaliyokwisha zamani, na kujaza orodha za maangalizi ya watu kwa habari za mikwaju? Swali hilo lina haki yake kwa makosa ya daraja la chini. Kwa yale ya juu halina, kwani kumbukumbu ambayo nusu yake haisomeki haijahifadhiwa.

Wiki za kwanza zilihama mwishoni mwa 2017, na Julai 2018 Tidy ikazimwa kabisa. Mzigo lakini haukugawanyika sawa. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina vigezo vingi vilivyonakiliwa kutoka ile ya Kiingereza, na kasoro zake zilinakiliwa pamoja navyo. Marekebisho hayafuati njia hiyo: kigezo kikitengenezwa kule, nakala ya huku inabaki ilivyokuwa mpaka mtu aifungue kwa mkono wake, na huku wenye kuvijua vigezo kwa undani ni wachache sana.