Pa Kulala na Pa Kula: Jinsi Misafara Ilivyochagua Malazi Tabora

Katika karne ya 19, msafara uliopanda bara kutoka Bagamoyo au Kaole ulilazimika kuamua kila siku mahali pa kutua mizigo, pa kupata maji na pa kununua chakula cha watu ambao mara nyingi walizidi mia. Kituo kikubwa kuliko vyote kati ya pwani na Ziwa Tanganyika kilikuwa Unyanyembe, katika makazi yaliyoitwa Kazeh na baadaye Tabora, ambako njia iligawanyika, moja ikielekea magharibi hadi Ujiji na nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Kanyenye, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Tabora, imo ndani ya eneo hilo la kihistoria. Uchambuzi huu unashikilia kwamba malazi na chakula havikuchaguliwa kwa pamoja wala na mtu mmoja: nyumba aliitafuta tajiri, yaani mwenye msafara, kwa kufuata udhamini, ilhali chakula kilitawaliwa na wapagazi, na mvutano kati ya maamuzi hayo mawili ndio uliopanga muda ambao msafara ungeweza kukaa mjini.

Njiani, kabla ya kufika Unyanyembe, neno la mwisho juu ya kambi lilikuwa mara nyingi la kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia mbele ya safu na aliyejua visima, mabwawa na tabia za watawala wa kila nchi. Huko Ugogo, ambako pia kulikuwa na nchi iliyoitwa Kanyenye chini ya mtemi Magomba, kambi nzuri haikuwa ile yenye kivuli kizuri bali ile ambayo hongo yake, yaani ushuru wa kupita, ilikuwa imekwisha kujadiliwa na kulipwa, kwa kuwa bila hongo hata maji ya kunywa yangeweza kuzuiwa. Baada ya Ugogo ilifuata Mgunda Mkali, nyika kavu isiyokuwa na vijiji vya kuuza nafaka, na hapo ndipo ilipotumika mbinu ya terekeza: watu walipika na kunywa penye maji asubuhi, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likiwa limepita utosi, wakalala pakavu pasipo maji, kisha wakaamka alfajiri na kuyafikia maji mengine kabla ya joto kuwalemea. Kwa mbinu hiyo, mwendo ambao ungeshindikana kwa siku moja uligawanywa katika nusu mbili, na usiku wa kiu ukakubaliwa kuwa gharama ya kuvuka. Ni vigumu kutoistahi akili ya watu waliopanga hayo bila ramani wala saa, huku kila mmoja akiwa na mzigo begani.

Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi baada ya nyika hiyo, kilibadilisha hali kabisa. Vijiji vya Wanyamwezi vilikuwa na iwanza, nyumba ya hadhara ambamo wanaume walikutana, wakazungumza na kufanya kazi za mikono, na ambamo mgeni mwanamume aliweza kupokewa. Mpagazi Mnyamwezi aliyelala chini ya matawi kwa wiki nyingi sasa alipata paa, moto na majirani waliosema lugha yake.

Ndani ya Unyanyembe yenyewe, malazi ya tajiri yalikuwa tembe, nyumba pana ya udongo yenye paa la bapa, iliyojengwa kuzunguka ua wa ndani, ikiwa na baraza upande wa mbele na vyumba visivyo na madirisha makubwa. Umbo hilo lilikidhi haja ambayo hema halikuweza kuikidhi, kwani robota za nguo za merikani na kaniki, mafundo ya ushanga na pembe za ndovu vilihitaji ghala lenye mlango mmoja unaoweza kulindwa. Hata hivyo, tembe haikupangishwa kwa yeyote aliyefika. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke, walioingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 baada ya mwendo wa siku 134 kutoka pwani, walikuwa na barua ya utambulisho kwa Musa Mzuri, mfanyabiashara mashuhuri mwenye asili ya India. Na kwa kuwa Musa alikuwa safarini, wakala wake Snay bin Amir aliwapokea na kuwapeleka katika nyumba iliyokuwa wazi ya mfanyabiashara mwingine aliyekuwa amerudi Unguja. Waliachiwa muda wa kupumzika kwanza, ndipo wafanyabiashara wengine wakaja kuwaamkia. Kilichofuata ndicho kinachoonyesha thamani halisi ya malazi hayo, kwa sababu Snay aliwatunzia mali, akawasaidia kutafuta wapagazi wapya, na akawapa habari za njia na maziwa ambazo hakuna fedha ingeweza kuzinunua sokoni.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyefika mwezi Juni 1871, alipewa tembe Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora, mahali alipokaa pia liwali Said bin Salim. Mapokezi yake ya chakula yanastahili kutazamwa kwa karibu: bakuli la wali, mchuzi wa kuku, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na malimau, kisha ng'ombe watano, kondoo wanane, mbuzi kumi, kuku na mayai. Mezani palikuwa na karamu ya siku moja, lakini wanyama walikuwa akiba ya kitoweo kwa watu wote wa msafara, na kwa zawadi hiyo mwenyeji alipunguza mzigo wa mgeni katika siku zake za kwanza. Miezi miwili baadaye, vita kati ya Waarabu na mtemi Mirambo vilipofika Tabora, tembe hiyohiyo ilitobolewa matundu ya bunduki na kugeuzwa ngome. Mmisionari David Livingstone, aliyefika humo pamoja na Stanley mwezi Februari 1872, alikaa hadi tarehe 25 Agosti akisubiri watu kutoka pwani, na kungoja kwa muda mrefu namna hiyo kusingewezekana kambini.

Chakula cha kila siku kilifuata hesabu nyingine. Posho ya mpagazi ilikadiriwa kuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, iwe mtama, uwele au mahindi, na ililipwa kwa nafaka yenyewe au kwa nguo na ushanga wa kununulia. Nguo ilipimwa kwa shuka, yaani mikono minne, na doti, yaani shuka mbili. Ushanga ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu rangi iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili, na tajiri aliyebeba ushanga usiotakiwa alikuwa na mali nyingi na watu wenye njaa. Wapagazi hawakula kwa tajiri, bali walijigawa katika vikundi vidogo vilivyopika pamoja chungu kimoja, na kila kikundi kilijua ni kijiji gani kilichouza unga kwa bei nafuu. Posho ikipunguzwa walilalamika waziwazi, na ikicheleweshwa waliweza kuondoka usiku.

Ukubwa wa gharama hiyo unaonekana kwa hesabu rahisi: watu 100 waliokaa wiki 5, ambao ndio muda Burton alioutumia Kazeh kabla ya kuendelea, wangekula vibaba 3,500 bila kusogeza mzigo hata mmoja. Hesabu hiyo inasaidia kueleza desturi ya kuajiri wapagazi kutoka pwani hadi Unyanyembe tu, kuwalipa na kuwaachia hapo, kisha kutafuta wengine wa kuendelea. Wapagazi wa Burton walitawanyika kwenda makwao mara baada ya kufika, na mwandishi anayeita jambo hilo utoro anakosea, maana Mnyamwezi aliyefika Unyanyembe alikuwa amefika kwao, ambako chakula kilimsubiri jikoni na, mvua za Novemba zikianza, shamba lilimhitaji.

Si kila mgeni alichagua Kazeh. Wafanyabiashara wengi wa pwani, ambao hawakuwa na jamaa wala wadhamini miongoni mwa Waarabu wa Omani, walipendelea Msene, upande wa magharibi zaidi, ambako walipata watu wao. Tofauti hiyo inatilia nguvu hoja ya udhamini, kwa kuwa mtu aliyekosa wa kumwamini aliiacha nyumba bora akaenda penye jamaa.

Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, sehemu kubwa ya mfumo huu ilipoteza kazi yake. Abiria aliweza kushuka na sanduku lake bila barua ya mtu yeyote, akalipa chumba kwa fedha na kula humohumo alimolala, na jengo la enzi ya Wajerumani, lililokuja kuwa Orion Tabora Hotel, likaja kupokea wageni wa aina hiyo. Mpagazi, aliyekuwa akijichagulia chungu chake na bei yake, hakuwa na nafasi ndani ya mpango huo mpya.